Padi ya Mtukufu

"Wizara ya Vitabu, Ukimya na Vijana, kwa idhini ya Mtukufu Baba wa Taifa na Babu wa Vizazi Vijavyo, inayo furaha isiyo na mipaka kuwatangazia wananchi wote, walio macho na waliolala, kwamba kuanzia leo Maktaba Kuu ya Taifa inamiliki hazina ya michezo ya video iliyo kubwa kuliko zote duniani. Mataifa mengine yanaombwa yasikate tamaa."

Tangazo hilo lilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni, na kila mara lilifuatiwa na wimbo wa taifa ili watu wasimame. Hazina yenyewe wakati huo ilikuwa ndani ya boksi la sabuni chini ya meza ya Bi Sikudhani, mkutubi, na katika jengo zima hapakuwa na mashine ya kuichezea. Diski zilinunuliwa na Idara ya Vitabu. Mashine haikuwa kitabu, kwa hiyo ilipaswa kununuliwa na Idara ya Mitambo, nayo Idara ya Mitambo ilitaka kwanza ithibitishiwe kwamba mashine hiyo inalima au inachimba.

Sisi wananchi hatukuona tatizo. Tumewahi kuwa na reli isiyo na treni, na watu waliipenda sana. Walianikia nguo.

Bi Sikudhani alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye subira ya mtu aliyekulia katika nyumba yenye kaka wengi. Kazi ya ukutubi aliirithi ghafla kutoka kwa Mzee Ngwali, ambaye alikamatwa kwa kosa la kuweka kitabu cha maisha ya Mtukufu kwenye rafu ya hadithi za kubuni. Mzee Ngwali alipelekwa Kisiwa cha Tafakuri, mahali pazuri penye upepo, na kutoka huko alituma kadi kila sikukuu. Kadi zilisema: Ninatafakari. Chakula kipo. Ninatafakari. Kila mwaka mwandiko ulizidi kuwa wa mtu mwingine.

Bi Sikudhani alizisoma kadi hizo akiwa amesimama, kisha akaenda kuhakikisha kwamba kitabu cha maisha ya Mtukufu kimewekwa mahali salama. Alikiweka kwenye rafu ya sayansi.

*

Kwa mujibu wa kanuni za Maktaba Kuu, hakuna kitu kinachoweza kuazimishwa mpaka kisomwe chote na Kamati ya Usomaji na kugongwa muhuri. Kamati ilikutana, ikanywa chai, ikazipitia diski. Wajumbe walizigeuza, wakazinusa, wakaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Baadaye wakatoa taarifa rasmi, ambayo iligusa mioyo ya wengi:

"Kamati imezisoma diski zote pande zote mbili. Upande wa mbele una picha za vijana wakikimbia, jambo ambalo ni zuri kwa afya. Upande wa nyuma hauna neno lolote la uchochezi, ila kila mjumbe aliyeutazama aliona mtu mwenye sura ya kutia shaka akimtazama."

Zikagongwa muhuri. Ziligongwa kwa nguvu na kwa uzalendo, katikati ya ule upande wa nyuma unaong'aa, ambao ndio upande unaosomwa na mashine. Bi Sikudhani alifungua mdomo, akamwona Waziri Shangwe, mwenye wizara, akimtazama, akaufunga. Diski zilikufa moja baada ya nyingine. Iliyonusurika ni moja, ya mpira wa miguu, kwa sababu ilipofika zamu yake wino uliisha na wajumbe wakasema watarudi.

Hivyo ndivyo hazina kubwa kuliko zote duniani ilivyobaki na mchezo mmoja. Mashine nayo ilipatikana, ikitokea forodhani, ambako msafiri mmoja aliitoa kwa hiari baada ya kufungiwa chumbani tangu asubuhi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Watoto walijaa. Walicheza bila sauti, kwa kuwa Sheria ya Ukimya haikumsamehe mtu, na aliyefunga goli aliinua mkono na kusubiri ruhusa ya kufurahi. Bi Sikudhani aliwaruhusu wote. Akaanza hata kupata usingizi mzuri, mpaka siku Mtukufu mwenyewe alipokuja kucheza.

*

Mtukufu alikalishwa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, akapewa padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaambiwa timu yake ndiyo yenye jezi za rangi za bendera. Mashine iliwekwa kwenye ngazi ya chini kabisa, ile inayochezwa na watoto ambao bado hawajaanza kutembea.

Mashine haikujua itifaki. Ikafunga. Ikafunga tena. Mtukufu alivibonyeza vitufe vyote kwa pamoja kama anayemenya karanga, na wachezaji wake wakazunguka uwanjani wakigongana. Golikipa wake aliondoka golini na hakurudi. Viongozi waliacha kutazama kioo wakaanza kutazama viatu vyao, na baadhi yao walivitazama kwa makini sana, kama ndio kwanza wamevinunua.

Mchezo ulipokwisha, Mtukufu aliiweka padi chini taratibu. Akauliza kwa upole ni nani anayeishi ndani ya mashine ile, na kama ana kadi ya chama. Mtukufu akatabasamu, akaondoka.

Waziri Shangwe alibaki nyuma. Alikuwa mtu mnene, laini, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Aliufunga mlango, akamsogelea Bi Sikudhani, akamkumbusha Sheria ya Heshima, hasa kile kifungu kinachosema kwamba yeyote atakayesababisha Mtukufu asishinde, katika jambo lolote, atasaidiwa kutafakari.

"Mtukufu anarudi Ijumaa," akasema. "Na boti ya Kisiwani huondoka Ijumaa jioni. Nimekupa taarifa mbili tu, Bi Sikudhani. Sijakwambia uziunganishe."

Bi Sikudhani aliziunganisha. Alikaa kwenye ngazi ya kufikia rafu za juu, akimfikiria Mzee Ngwali, na mwandiko, na boti. Akawaza kuigonga muhuri ile diski ya mwisho, lakini alijua wangesema amehujumu. Akawaza kukimbia, lakini pasipoti zote za wakutubi zilitunzwa na Waziri kwa ajili ya usalama wao.

Ndipo akamkumbuka mdogo wao wa mwisho, Chumu. Chumu alikuwa akililia kucheza gemu na kaka zake, nao kwa kuchoshwa na kelele wakampa padi ambayo waya wake uliishia chini ya mkeka. Chumu alicheza mwaka mzima. Aliruka, alijipiga kifua, alienda shule akawaambia wenzake yeye ni bingwa. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na furaha kama Chumu.

*

Siku ya Ijumaa, kiti cha Mtukufu kiliwekwa mbele ya runinga kubwa, kikiipa mgongo rafu ya vitabu vya sheria. Rafu hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna kiongozi aliyewahi kuisogelea. Waya wa padi ya Mtukufu ulipita chini ya zulia, ukaelekea kwenye rafu, ukaishia hapo hapo zuliani. Nyuma ya rafu, sakafuni, palikuwa na mashine, na mbele ya mashine alikaa Bi Sikudhani na padi iliyo hai. Katikati ya vitabu viwili alikiona kioo cha runinga na kisogo cha Mtukufu. Mikono ya Mtukufu hakuiona.

Mtukufu alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Timu yake ikapasiana mpira kama malaika. Ikafunga. Mtukufu akageuka kumtazama Waziri, na Waziri tayari alikuwa analia.

Taifa lilipumzishwa kazi siku nzima kwa ajili ya ushindi huo. Picha za kidole gumba cha Mtukufu zilitundikwa madarasani. Bi Sikudhani, kwa upande wake, alitunukiwa ruhusa ya kuendelea na kazi, na kila Ijumaa akaketi sakafuni nyuma ya sheria akimshindia Mtukufu, mgongo ukimuuma, sikio lake likisikiliza honi ya boti bandarini. Boti ilipoondoka bila yeye, ndipo alipovuta pumzi.

Waziri Shangwe hakuwahi kuizungumzia siri hiyo. Alipopita karibu naye alimwangalia vidole tu, kama mtu anayekagua mifugo.

Huenda mambo yangeendelea hivyo hadi uzeeni, lakini mtu anayeshinda kila Ijumaa huanza kutafuta wa kumwonyesha. Mtukufu akamwalika Jenerali, kiongozi wa nchi iliyo ng'ambo ya mto, aje wacheze mbele ya runinga za mataifa yote mawili, ili ijulikane mara moja ni nani kati yao anayependwa zaidi na mpira.

*

Siku moja kabla ya mchezo, mkuu wa itifaki wa Jenerali alikuja kukagua ukumbi. Alikagua maua, akakagua zulia, kisha akamvuta Waziri Shangwe pembeni na kuuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: wa kwenu anakaa wapi?

Waziri akamwonyesha. Wakapeana mikono kwa adabu, na mkeka wa pili ukaongezwa nyuma ya rafu.

Kwa hiyo siku ya mchezo Bi Sikudhani alipojipenyeza mahali pake, alimkuta kijana mwenye sare, amekaa amekunja miguu, anaikausha mikono yake kwenye suruali.

"Habari za kazi, dada," akanong'ona. "Koplo Silvano. Nilikuwa mpiga tarumbeta, ikaonekana nina vidole."

Bi Sikudhani alimsalimu, akaichukua padi yake. Alikuwa amezoea kuishinda mashine, na mashine haina boti inayoisubiri. "Kaka," akasema, "mimi nisiposhinda napelekwa kisiwani. Kwenu je?"

"Sisi hatuna kisiwa, dada," akasema Koplo. "Tuna mto."

Kule mbele viongozi walikuwa wamekaa, kwaya ya wanafunzi wa bweni imepangwa ukutani na soksi zao nyeupe, na mtangazaji wa runinga anawanong'oneza watazamaji kwa heshima ya Sheria ya Ukimya. Mkuu wa Usalama alisimama mlangoni, mrefu, mnyamavu, pingu zikining'inia kwenye mkanda.

Ni Koplo aliyepata wazo. Mchezo ungeanza jioni, na runinga ya taifa haijawahi hata siku moja kuchelewesha taarifa ya habari. Ikifika saa ya habari, matangazo hukatwa hata kama mtu yuko katikati ya kuapishwa. Kwa hiyo wao walitakiwa tu kuuvuta mchezo, wasifungane, mpaka habari ianze. Baada ya hapo kila nchi ingejitangazia ushindi wake, kama ilivyofanya baada ya kila vita na kila mkutano wa biashara, na wote wawili wangerudi makwao wakiwa hai.

Wakashikana mikono juu ya mashine.

Walicheza vizuri kuliko walivyowahi kucheza. Mpira ulikwenda huku ukarudi kule. Mashuti yaligonga mwamba, makipa waliruka, na kila goli lilipokaribia lilihepa kwa adabu. Kule mbele, Mtukufu na Jenerali walimenya karanga zao kwa nguvu, wakitazamana kwa jicho la pembeni. Dakika za kawaida zikaisha. Koplo akashusha pumzi, akasema, sasa mashine itatangaza sare.

Mashine haikutangaza sare. Wakati wa kuandaa, Waziri Shangwe aliulizwa na kioo ni mchezo wa aina gani, naye alichagua Fainali, kwa kuwa neno hilo lilikuwa na hadhi. Muda ukaongezwa. Ukaisha. Zikaja penalti.

"Kosa tu, kaka," akanong'ona Bi Sikudhani.

Koplo akakosa. Bi Sikudhani akakosa. Koplo akapiga nje, Bi Sikudhani akapiga juu. Wachezaji wa Jenerali walishika vichwa, wachezaji wa Mtukufu wakapiga magoti, na mtangazaji akanong'ona kwamba mataifa haya mawili yanaonyesha ukarimu usio na mfano. Bi Sikudhani aliitazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ulikuwa unapanda kuelekea habari, taratibu, kama mzee anayepanda ngazi. Vidole vilikuwa vimemfa ganzi. Bado kidogo tu.

Mbele yake kitabu kikachomoka rafuni. Ilikuwa Katiba, na vumbi lake lilikuwa la kutosha kumfanya Waziri Shangwe azuie chafya kwa mikono miwili. Midomo yake ikajitokeza kwenye nafasi iliyobaki.

"Taarifa ya habari imeahirishwa," ikasema midomo. "Mtukufu anataka mshindi. Boti inawasha injini, Bi Sikudhani."

Kitabu cha jirani nacho kikachomoka. Midomo mingine ikatokea, ikamwambia Koplo kitu kwa lugha ya kwao. Kifupi. Koplo akapauka.

Midomo yote ikaondoka. Wakabaki wawili, wanatazamana.

"Nina watoto, dada," akasema Koplo. "Nisamehe." Akapiga. Golini.

Sasa Bi Sikudhani hakuwa na njia. Akikosa, imekwisha. Hakufikiri kitu kingine chochote isipokuwa mwandiko wa Mzee Ngwali ukibadilika kadi baada ya kadi. Akabonyeza. Mpira ukaingia kwenye kona ya juu, wavu ukatikisika.

*

Ukumbi ulikuwa kimya tangu mwanzo, lakini mkutubi anazijua aina za kimya. Hiki kilikuwa kipya. Bi Sikudhani akasogeza jicho kwenye pengo lililoachwa na Katiba.

Mtukufu alikuwa anapenga kamasi. Alikuwa ameshika leso kwa mikono yote miwili, viwiko juu, na padi yake ilikuwa imelala zuliani, karibu na kiatu. Kamera zote zilimwelekea. Nchi mbili nzima zilikuwa zimemwona Mtukufu akifunga penalti huku amejifunika uso na leso.

Mtukufu akashusha leso. Akakitazama kioo. Akaitazama padi. Waziri Shangwe akasimama, akarekebisha koti.

"Ndugu wananchi," akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, "mmejionea wenyewe. Mtukufu amekwishavuka hatua ya vidole. Sasa anacheza kwa fikra."

Viongozi wakapunga mikono hewani, kwani ndivyo makofi yanavyopigwa maktabani. Mtukufu alisita kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba ni mrefu. Kisha akalipenda jambo lenyewe. Akasimama, akakunja mikono kifuani, akasema kwamba kwa kweli amekuwa akilihisi jambo hili kwa muda. Akasema mwenye fikra za namna hii hawezi kuishia kwenye mpira. Kesho asubuhi, kwa mfano, ndege ya taifa itaruka bila rubani, naye ataizungusha juu ya mji na kuitua akiwa ofisini kwake, kwa fikra. Marubani wote wapewe likizo. Na abiria wa kwanza watakuwa kwaya hii iliyoimba vizuri mlangoni.

Mkuu wa anga, aliyekaa safu ya pili, alitazama viatu vyake. Akapunga mikono.

"Lakini kwanza nimalizie hapa," akasema Mtukufu.

Zamu ilikuwa ya Jenerali. Koplo Silvano alimtazama Bi Sikudhani, akapiga penalti yake nje, mbali, kwa makusudi. "Mto si mrefu sana," akanong'ona. "Najua kuogelea. Funga, dada. Funga uende nyumbani."

Mbele ya runinga Mtukufu alikunja uso. "Kulia," akaamuru. "Juu."

Kidole gumba cha Bi Sikudhani kilikuwa juu ya kitufe. Kukibonyeza tu, na Mtukufu ameshinda. Boti ingeondoka bila yeye, leo na kila Ijumaa. Kutoka ukutani alisikia minong'ono ya kwaya.

"Mimi nakaa dirishani."

"Wewe dirishani ulishakaa kwenye basi. Kesho zamu yangu."

"Ndege ina madirisha mengi, mjinga wewe."

"Kulia," akarudia Mtukufu, kwa ukali zaidi. "Juu."

Bi Sikudhani akakiondoa kidole. "Dada, usifanye hivyo," akasema Koplo, akamshika sketi, lakini alikuwa ameshainuka. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi, akajigonga kwenye rafu, sheria kadhaa zikaanguka. Akatokeza mbele ya kamera na padi mkononi, akiinua vumbi, waya ukimfuata nyuma.

"Mtukufu," akasema, "ni mimi."

Mtukufu akamtazama. "Wewe ndiye nani?"

"Mkutubi. Ninayecheza ni mimi. Padi yako haijachomekwa."

Waziri Shangwe alimwashiria mpiga picha akate matangazo, lakini mpiga picha alikuwa ameagizwa asitii ishara yoyote isiyo na muhuri. Mtukufu akainama. Alinyanyua padi yake, akaushika waya, akauvuta. Waya ukaja kutoka chini ya zulia, mrefu, mwepesi, bila kugoma, mpaka ncha yake ikamfikia mkononi, safi kama siku ilipotoka kiwandani.

Jenerali alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, akauvuta wake. Nao ukaja wote.

"Tangu lini?" akauliza Mtukufu.

"Tangu ile Ijumaa ya kwanza uliyoshinda."

"Na zilizofuata?"

"Zote ni mimi, Mtukufu."

Mtukufu aliigeuza ile ncha vidoleni kwa muda mrefu. Alipozungumza tena hakugeuza kichwa. "Shangwe. Kile kitufe nilichobonyeza kule bwawani."

"Bwawa lilifunguka, Mtukufu. Maji yalitoka. Lilikuwa tukio la—"

"Nimeuliza kitufe."

Waziri akarekebisha koti tena. "Kilikuwa kimebandikwa tu kwenye ubao, Mtukufu. Fundi alikuwa nyuma ya kilima anakuangalia kwa darubini."

"Na simu nyekundu? Ninayozungumza na wakubwa wa dunia?"

"Huwa anapokea shangazi yangu." Waziri akasita. "Ana sauti ya kimataifa."

Kwenye safu za viongozi, mmoja baada ya mwingine akaanza kukumbuka shughuli nyingine. Waziri wa Maji akatoka kwa kunyata. Mkuu wa anga akamfuata. Mkuu wa Usalama peke yake ndiye aliyesogea mbele, pingu mkononi, akasema boti iko tayari na akaomba kuelekezwa.

Mtukufu alimnyooshea Bi Sikudhani ule waya.

"Binti," akasema, "chomeka."

Bi Sikudhani akarudi nyuma ya rafu, akautoa waya wake, akauchomeka wa Mtukufu. Alipotokeza tena, Mtukufu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, padi ameishika kama chombo chenye maji ya moto.

"Kipi kinapiga?"

"Hicho cha mviringo, Mtukufu."

"Kimoja tu?"

"Kimoja tu."

Mtukufu alikibonyeza kimoja tu. Mchezaji aliyevaa rangi za bendera akakimbia, akapiga, na mpira ukapaa juu ya mwamba, juu ya wapiga picha, ukapotelea huko juu kabisa kwenye jukwaa la mashabiki.

Mkuu wa Usalama akakohoa. "Mtukufu hakushinda," akasema, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu. "Kwa mujibu wa kifungu, yupo aliyesababisha." Waziri Shangwe tayari alikuwa amemnyooshea kidole Bi Sikudhani, na viongozi waliosalia wakanyoosha vyao. Bi Sikudhani akaiweka mikono yake mbele, pamoja, bila kuambiwa.

Mtukufu alikuwa bado anatazama kule juu jukwaani, ulikopotelea mpira. Macho yalimtoka, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja dirisha, amekamatwa, na bado haamini kwamba kioo kimevunjika kweli.

"Ule," akasema, "nimeupiga mimi."

Mkuu wa Usalama akabaki amesimama na pingu zilizofunguliwa. Aliitazama mikono ya Bi Sikudhani, akaitazama mikono ya Mtukufu iliyoshika padi, akageuka kumtazama Waziri Shangwe, na hakuna aliyemwambia azifunge wapi.